Mwaka wa Kupima Pombe kwa Glasi ya Maziwa

Juzi nilialikwa Sosiot kwenye koito ya mjukuu wa rafiki yangu Chebet, yaani siku ile ambayo watu wa mvulana na watu wa msichana huketi pamoja kuelewana juu ya ng'ombe wa mahari. Kijana mmoja aliyevaa tai alikuwa akigawa vinywaji chini ya tenti. Alinifikia, akainama kwa heshima apewayo kogo, yaani bibi. "Kogo, utachukua soda ama hii ingine?" Hiyo ingine ilikuwa bia ya chupa. Mimi sijawahi kuonja pombe tangu nizaliwe, lakini niliichukua, nikavaa miwani, nikaigeuzageuza nikitafuta maandishi. Nikayapata pembeni mwa kibandiko, madogo kama mayai ya chawa: nguvu yake ni nne nukta mbili kwa mia. Basi tu! Imeandikwa, imekwisha, hakuna aliyetokwa na jasho. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, na yule kijana akabaki amesimama akijiuliza amwite nani. Angejuaje? Kuna mwaka ambao mimi, msichana wa Kikisii, mwanakwaya, nilipima nguvu ya pombe katika boma la mama yake Chebet kwa glasi ya kupimia maziwa, na ndoa ya Chebet ilikuwa inategemea mistari ya glasi hiyo.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimetoka shule na cheti changu, nikaajiriwa kwenye kituo cha kukusanya maziwa. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni asubuhi na kuitumbukiza glasi kwenye maziwa ya kila mkulima. Glasi yenyewe ni kijiti chembamba cha kioo, chini kina tumbo zito, juu kina mistari. Maziwa safi ni mazito, kwa hiyo huisukuma juu. Yakitiwa maji yanakuwa mepesi, nayo huzama. Kwa hiyo kila siku nilikuwa nawaambia wazee wa watu, mbele ya majirani zao, kwamba ng'ombe wao amenyeshewa. "Kemunto, wewe utakosa bwana huku," waliniambia, na wengine wakawa hawanisalimii sokoni. Mimi nilicheka tu. Nilikuwa na kiburi, sikatai. Nilikuwa na mshahara wangu, viatu vya kisigino kifupi, na kitabu changu cha kemia cha shule ambacho nilikiweka juu ya sanduku mahali ambapo kila anayeingia angekiona.

Nilipanga kwa Bot Chebet, yaani mama yake Chebet, mjane mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Chumba kilikuwa cha udongo, kuta zimebandikwa magazeti ili upepo usipite, na nikilala nilikuwa nasoma matangazo ya sabuni kichwa chini miguu juu. Dirisha lilitazama shamba la chai. Alasiri mvua ya mawe ilipiga mabati hata tukawa tunaongea kwa mikono, halafu ikaacha ghafla, na shamba lote likatoa mvuke na harufu ya majani mabichi. Lakini sikukaa sana chumbani. Maisha yalikuwa jikoni. Huko ndiko nilikojifunza kunywa mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye mkaa, ambayo mara ya kwanza niliyatazama kama dawa ya minyoo na baada ya mwezi nikawa nagombania ya mwisho na Chebet. Tulikula ugali wa wimbi na mboga za sagaa zilizolala kwenye maziwa, magoti yetu yakigusana, moshi ukitutoa machozi, na Chebet hakuwa na habari nyingine ila Kiprono. Kiprono amesema, Kiprono amecheka, Kiprono amenunua kofia. Kiprono alikuwa anaendesha trekta kwenye shamba kubwa la chai, kwao ni upande wa Kaplong, na kwa kweli alikuwa kijana mzuri, mpole, mwenye masikio makubwa. "Hayo masikio mtoto atarithi," nilimwambia Chebet. "Arithi tu! Yatakuwa yangu hayo," akanijibu.

Koito yao ya kwanza iliharibika, na aliyeiharibu ni pombe. Nilikuwa jikoni na Chebet, tumebandika masikio ukutani. Kwenye nyumba kubwa wazee walikuwa wameuzunguka mtungi wa busaa, kila mmoja na mrija wake mrefu aliokuja nao ndani ya ala ya mwanzi, wananyonya na kuongea, wananyonya na kuongea. Desturi ni kwamba msichana hupita na maji ya moto na kuongeza mtungini kila povu linaposhuka. Lakini Arap Tonui, baba mkubwa wa Chebet, ndiye aliyesimama mahali pa marehemu baba yake, alikuwa amekataza. "Msituharibie na maji!" Basi hawakuharibiwa na maji. Kufikia saa nane Arap Tonui alikuwa amemwita ndama jike wa wageni mbuzi mwenye mkia mrefu. Baba yake Kiprono, Arap Koech, alikuwa mzee mkavu wa maneno machache. Kupitia ufa tukamwona amechomoa mrija wake mtungini, akaukung'uta, akaurudisha kwenye ala. Mzee akichomoa mrija mazungumzo yamekatika, wala huhitaji kuambiwa. Chebet aliteremka ukutani polepole mpaka akaketi chini kwenye majivu na gauni lake jipya.

Na hapa ndipo lazima niseme jambo ambalo nikiwasimulia watu wa mbali hawaamini. Pombe ile ilikuwa kali kwa sababu aliyeipika alikuwa ameokoka. Bot Chebet alijulikana mpaka ng'ambo ya soko kwa mkono wake wa kupika busaa. Lakini mwaka huo kulikuja mkutano wa injili, akasimama mbele ya watu, akatubu, akaapa kwamba pombe haitagusa midomo yake tena. Watu wa kanisa walitaka aache hata kupika. Wazee wa ukoo wakasema koito bila pombe haijawahi kuonekana, labda amwoze mtoto kwa chai. Akagawanya mwili wake, huku nusu, huku nusu. "Ulimi yangu imeokoka," alisema, "lakini mikono bado iko na kazi ya ukoo." Akawa anapika bila kuonja. Alikaanga unga kwa macho, akatia kimea cha wimbi kwa kumbukumbu, akafunika mtungi kwa imani. Chebet hangeonja, msichana hanywi pombe ya wazee. Aliyebaki wa kuonja alikuwa Arap Tonui, na huyo kila akionja alisema, "Bado kidogo, nitarudi kesho kuangalia."

Wiki kadhaa baadaye Kiprono alikuja mbio na baiskeli, amelowa, akasimama mlangoni bila hata salamu ya chamgei. Baba yake amekubali kurudi mara moja. Mara moja tu. Wakirudi nyumbani bila kukubaliana, kuna binti wa rafiki yake kule Chebunyo, na habari ya posa imekwisha kufika kwao. Chebet alikuwa anakamua. Alisikiliza yote bila kuinua kichwa, halafu akasema, "Huyo wa Chebunyo, anaitwa nani?" Kiprono akasema hajui. "Vizuri. Usijue." Kisha akaendelea kukamua, lakini mimi niliona ndoo imetulia na maziwa yanaingia kwenye nyasi. Mara hiyo hiyo nikafungua mdomo wangu, mdomo ambao haujawahi kuonja tone, nikamwambia Bot Chebet kwamba pombe inaweza kupimwa kama maziwa. Alinigeukia na mwiko mkononi. "Bila kuonja?" "Bila kuonja, mama." Akaweka mwiko chini. "Na Mungu hatakasirika?" Nikamwambia glasi haina ulimi. Alishika kiuno, akacheka mpaka kuku wakatoka nje.

Kituoni kulikuwa na glasi ya akiba ambayo meneja aliniruhusu kutembea nayo, hakuuliza ya nini, nami sikuongeza neno. Bot Chebet akapika mtungi mdogo wa majaribio. Siku ilipoiva tulikusanyika jikoni kama watu wanaobatiza, na Arap Tonui akajileta mwenyewe, amesikia harufu. Niliitumbukiza glasi. Jamani, ilisimama wima kama mwiko kwenye uji, haikuzama hata kidogo, mistari yote nje! Nikafanya hesabu yangu kichwani: pombe ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo ikiwemo kwa wingi glasi inapaswa kushuka, na hii imegoma kushuka, kwa hiyo hamna. Nikatangaza kwa sauti ya mwalimu: "Hakuna pombe hapa. Ni uji." Bot Chebet alishika kifua. Arap Tonui akainuka taratibu. "Kama ni uji," akasema, "mimi sijakula tangu asubuhi. Leteni huo uji." Tukampa. Ni mimi niliyemshikia kikombe.

Jua lilikuwa bado juu tulipomsikia. Sauti ilitoka kwenye zizi la ndama. Tulipofika alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, ameshika ndama masikio yote mawili, anamwambia kwa uchungu, "Sita! Nimesema sita na beberu! Wewe unanitazama tu? Toa jibu!" Ndama alimlamba uso. "Ahaa, sasa tumeelewana," akasema, akalala palepale. Chebet alicheka, mara ya kwanza tangu ile habari ya Chebunyo. Alijikunja akashikilia nguzo. Bot Chebet alitaka kukasirika akashindwa. Mimi nilisimama na glasi yangu mkononi, uso umeniwaka moto. Kitu gani nilikuwa nimepima? Nilikuwa nimepima unga. Busaa ni nzito kwa makapi yake, na makapi ndiyo yaliyoishika glasi isizame. Maziwa hayana makapi. Nilikuwa nimezoea maziwa.

Kuanzia hapo jikoni pakawa kama maabara yangu ya shule, isipokuwa shuleni hatukuwa na mbuzi anayeingia bila kubisha. Tulichuja busaa kwa kitambaa cha maziwa, mara mbili, mpaka kikatoka kimiminika cha rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Lakini hata iliyochujwa bado ina sukari na uzito wake, kwa hiyo glasi peke yake haikuambii kitu; uzito unainua, pombe inashusha, zinavutana. Nilikaa na kitabu changu mapajani, nikifikiri, na jibu likaja nikimtazama Chebet akichemsha chai. Pombe huchemka mapema kuliko maji. Basi pima mara moja. Kisha chemsha mpaka pombe yote itoke na mvuke, jazia maji mpaka ifike palepale ilipokuwa, upime tena. Kilichobadilika ni kimoja tu, pombe imeondoka. Kwa hiyo ile tofauti kati ya mistari miwili ndiyo pombe yenyewe, na nyuma ya kitabu kulikuwa na jedwali dogo la kuigeuza tofauti kuwa sehemu kwa mia. Nilimweleza Bot Chebet. Akaniuliza, "Kwa hivyo hiyo pombe inatoka, inaenda wapi?" Nikasema inaenda hewani. Akafungua dirisha haraka, wokovu wake usije ukaingia mashakani.

Mara ya kwanza nilipima ikiwa bado ya moto, glasi ikashuka vibaya, hesabu ikatoka upuuzi. Bot Chebet ndiye aliyeniuliza kama maziwa ya jioni, yale ya moto kutoka kwa ng'ombe, huwa nayapima hivyo hivyo. Huwa siyapimi, nasubiri yapoe. Tulicheka sote wawili, akachukua sufuria akaiketisha kwenye mfereji. Ilipopoa, glasi ikasimama mistari minane juu ya pale iliposimama kabla ya kuchemsha. Nikafuata jedwali kwa kidole: tano na nusu kwa mia. Hiyo ndiyo pombe ya ndama. Tukapika tena, kimea kidogo zaidi, siku pungufu. Safari hii mistari mitatu, mbili kwa mia. Arap Tonui alionja, akatema pembeni. "Hii wapelekeeni wale wa kwaya." Kwa hiyo tukajua mipaka yetu. Ya tano na nusu inavunja ndoa kwa matusi, ya mbili inaivunja kwa dharau. Tulitaka katikati, tatu na kitu, na mtungi wa maji ya moto jikoni wa kuishusha polepole wazee wakianza kupandisha sauti. Nilikuwa na furaha mwaka ule ambayo sijui niieleze vipi. Nilikuwa nikiamka na kunusa unga unaokaangwa kwenye bati, wimbi lililoota likikauka juani, Chebet akiimba vibaya, na nilijisikia nimezaliwa pale.

Siku yenyewe ilipofika nilipima asubuhi. Mistari mitano. Tatu na kitu. Bot Chebet alifumba macho akaomba, sala fupi, sijawahi kusikia nyingine kama hiyo: "Baba, hii pombe siijui, lakini wewe unaijua." Wageni wakaingia. Mirija ikatoka kwenye ala. Arap Koech alinyonya mara moja, akatazama mtungi, akamtazama Arap Tonui, akanyonya tena. Nyuma ya ukuta Chebet alinishika mkono hata pete yangu ikaniumiza. Mpango wetu ulikuwa rahisi: sauti zikipanda, maji ya moto yaingie. Arap Tonui safari hii hakuwa na la kukataza. Yule ndama alikuwa bado anamfuata kila akipita zizini, na kila mtu bomani alijua sababu. Wakaanza na habari za koo, wakazimaliza. Wakaanza na ng'ombe. Arap Tonui akasema, "Huyo ndama jike wenu, mimi siku ile sikumwona vizuri..." na sauti ya mtu wa Kaplong ikapanda, na ya mwingine juu yake. Chebet akanisukuma mgongoni. "Kemunto, maji ya moto!"

Niliingia na birika, nimeinamisha kichwa kama binti wa nyumba. Kwa desturi, maji yakimiminwa mtungini wazee huinua mirija na kungoja. Huwezi kunyonya wakati yanaingia, utaungua. Kwa hiyo walinyamaza wote, mirija juu, wakinitazama. Nilimimina polepole kuliko ninavyoweza kuwaeleza. Kimya kile kikawapa nafasi ya kukumbuka kwamba wao ni watu wazima. Nilipomaliza, Arap Tonui akakohoa, akasema, "Nilitaka kusema, ni ndama mzuri." Niliingia na birika mara nyingi siku hiyo. Kabla ng'ombe hawajarudi kutoka malishoni mambo yalikuwa yamekwisha, wazee wamepakana siagi kichwani na kutemeana baraka, na Bot Chebet amepiga kigelegele kilichoamsha mbwa wa jirani. Chebet hakulia. Aliniinua juu, mimi na birika langu tupu, akanizungusha jikoni mpaka kisigino cha kiatu changu kikakatika.

Walipokuwa wakiaga, Arap Koech alisimama mbele ya Bot Chebet na mrija wake kwapani. "Mama," akasema, "pombe yako imetuacha na akili zetu zote. Siku ya arusi usifanye hivyo tena." Alijua! Tangu ule mnyonyo wa kwanza alijua, na alikaa akanyonya maji ya moto mchana kutwa bila kuukunja uso. Kiprono alituambia baadaye kwamba njia nzima mpaka Kaplong mzee hakulalamika, alisema tu kwamba watu waliopika hivyo walitaka sana binti yao aende. Na siku ya arusi, haki ya Mungu, Bot Chebet aliniambia niache glasi kituoni.

Bot Chebet hayupo tena, wala wale wazee. Kiprono yupo, masikio yake ni yale yale, na wajukuu wameyapata kama nilivyotabiri. Nilikuwa ninayatazama masikio hayo chini ya tenti juzi, chupa ya nne nukta mbili bado mkononi, niliposikia sauti. Wajomba wawili, mmoja wa kila upande, walikuwa wamesimama, chupa mkononi, wanabishana kama ng'ombe wa kisasa ahesabiwe sawa na wa kienyeji wawili. Sauti ikapanda, nyingine juu yake. Pale kwenye mlango wa jikoni msichana mwenyewe alikuwa amejitokeza nusu, gauni jipya, uso umekauka. Niliujua uso ule. Chebet, aliyeketi kando yangu na mkongojo wake, aliinama sikioni mwangu. "Kemunto," akasema, "maji ya moto."

Niliinuka. Mtungi haukuwepo, lakini huku hakuna nyumba isiyo na chai, na kwenye meza kulikuwa na thamosi kubwa. Nikaibeba kwa magoti yangu haya mabovu, nikapita katikati ya tenti, nikasimama kati ya wale wajomba wawili, nikamimina kikombe cha kwanza polepole. Wakanyamaza. Nikamnyooshea yule aliyekuwa anapiga kelele zaidi. Alitazama kikombe, akatazama mvi zangu. Mtu hapokei kitu kutoka kwa kogo kwa mkono mmoja, hata awe na hasira namna gani, na ili apate mikono yote miwili ilibidi aweke chupa chini.